Kwenda Itakwenda, Kurudi Je?

Wadogo zangu, wiki hii maswali ya mahari na ya wenye nyumba tunayaweka pembeni. Kuna ujumbe umenifika na umenigusa mahali panapouma: mfukoni.

Ni wa kijana wa Unguja, jina ninalo mwenyewe. Amenunua droni ndogo ya kukunja, DJI Mini ya mkono wa pili, kwa fedha za upatu. Sasa amepata kazi yake ya kwanza ya maana: harusi ya ufukweni, mwezi wa Agosti, jioni. Anauliza, "Dada, upepo ukifika kiasi gani ndiyo nisirushe?"

Mdogo wangu, swali zuri, ila umelishika mkiani. Kuruka itaruka. Hivi vidude vina ubishi. Hata siku ambayo kunguru wamejikunyata juu ya bati, vyenyewe vitapaa, vitatulia angani kama vimening'inizwa kwa uzi, na wewe utajiona rubani. Cha kuuliza ni kama itarudi. Hilo ndilo nitakalokujibu, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu mimi nililijua siku nimeshalilipia.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na harusi Mji Mkongwe, upande wa bahari, msimu huo huo wako. Kibali nilikuwa nacho. Saa kumi na moja jioni, pale ufukweni palikuwa pametulia kabisa. Shela ya bi harusi ilikuwa inamgusagusa bega tu. Nikapandisha droni mita 60, nikaisogeza baharini kama mita 350, nigeuze kamera niupate mji mzima jua la magharibi likiwa limeupiga usoni. Picha ikaja nzuri mno. Bado naiona.

Ndipo simu ikaandika onyo la upepo mkali. Nikafanya kile ambacho kila mtu hufundishwa: nikabonyeza kitufe cha kurudi nyumbani, nikashusha pumzi.

Kumbe ni mimi mwenyewe niliyeiamuru, siku ile naitoa kwenye boksi, kwamba kabla ya kurudi ipande kwanza hadi mita 100 isije ikagonga mnara. Basi ikatii. Ikapanda. Kwenye kioo cha simu, kamera inatutazama sisi, droni imetuelekea sisi, imeinamisha pua kama ng'ombe wa jembe kwenye udongo mzito, na bado majengo yanazidi kuwa madogo. Umbali ukasoma mita 380. Ukasoma 420. Mimi nasubiri namba ishuke, mikono imeganda. Ikasoma 510. Mzee mmoja aliyekuwa ngazini akishona wavu akanitazama, akatazama bahari, akasema polepole, "Mwanangu, kwani hukuona vyombo vimelala leo?"

Sikuona. Ngalawa zote zilikuwa zimefungwa mbele ya macho yangu nami nilizipiga picha kama mapambo.

Picha ya mwisho kwenye simu ilikuwa maji matupu na ukingo wa kisiwa cha Changuu. Kisha kioo kikawa kijivu.

Sasa tuifumue hiyo hadithi, kwa sababu makosa yamo ndani kama mawe kwenye mchele. Kusi, upepo wa msimu huo, hutoka kusini mashariki. Mji Mkongwe umeipa bahari ya magharibi uso wake. Maana yake msimu wa kusi upepo unakuja kutoka nchi kavu, unapita juu ya mapaa, halafu unateremkia baharini. Aliyesimama ufukweni chini ya yale majumba yuko demani, amekingwa na ukuta wa ghorofa tatu, anahisi hakuna kitu. Ukipandisha droni juu ya mapaa umeitoa mlangoni. Na ule upepo hausukumi kuelekea kwa watu wala kwenye mchanga. Unasukuma kuelekea Changuu, na baada ya Changuu ni maji mengine.

Kwa hiyo la kwanza kabla hata hujafungua boksi: jua upepo unatoka wapi, na ukiibeba droni utaipeleka wapi. Pwani ya mashariki, kule Paje na Jambiani, kusi hupiga kutoka baharini kuja nchi kavu, kwa ubavu kidogo. Kule upepo ni mkali vilevile, ndiyo maana vijana wa kaiti wamejaa, lakini ukikushinda utaitupa droni kwenye minazi, utalia, utaiokota. Upande wa magharibi utalia tu. Kaskazi ikiingia, Desemba hadi Februari, pepo hutoka kaskazini mashariki na hesabu ya upande wa mji inabaki ileile. Ukiwa na hiari ya kuchagua mwezi, zipo siku za tanga mbili, katikati ya misimu, bahari inapolala. Lakini maharusi hawaoani kwa kalenda ya rubani.

Tuje kwenye namba, maana najua unazitaka. Maelezo ya kiwandani ya Mini 3 na Mini 4 Pro yanasema droni hizo zinastahimili upepo wa mita 10.7 kwa sekunde. Mini 2 ni kati ya 8.5 na 10.5. Ile Mavic Mini ya 2019, ambayo bado inazunguka kwa mkono wa pili, ni 8 tu. Kwa hiyo geuza droni yako usome ubavuni ni ipi hasa. "Mini" peke yake si jibu. Ile 10.7 nayo ina asili yake: ni ukingo wa juu wa daraja la tano katika kipimo cha Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyeanza kukipanga mwaka 1805 enzi za meli za matanga. Kwa kilomita ni 38 na nusu kwa saa. Sasa kumbuka lile angalizo ambalo Mamlaka ya Hali ya Hewa hulitoa kila mara kwa wavuvi wetu, upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili. Ukilisikia redioni, hiyo ni zaidi ya kikomo cha droni yako. Halikuandikiwa wewe, lakini limekuhusu.

Na kikomo si ruhusa. Lori likiandikwa tani kumi hulipakii kumi ukapande nalo mlima Kitonga. Mimi siku hizi, utabiri ukisema wastani unazidi mita 7 kwa sekunde, au mavumo ya ghafla yanafika 10, naacha boksi ndani ya gari. Kwa Mavic Mini ningesema 5. Hiyo ni sheria yangu, haijaandikwa popote, lakini tangu niishike sijanunua droni nyingine.

Kama programu yako ya hali ya hewa inasoma kwa noti, gawa kwa mbili upate mita kwa sekunde, inatosha kwa kazi yetu. Noti 14 ni kama mita 7. Na angalia namba mbili, usiangalie moja: kuna wastani, na kuna lile vumo la ghafla. Linaloiangusha droni ni la pili. Halafu kumbuka utabiri wa kawaida unapimia mita 10 kutoka chini. Wewe unakwenda 60, ambako hakuna mnazi wala nyumba ya kuuchelewesha upepo. Programu ya Windy inakuruhusu kutazama upepo wa mita 100 juu. Itazame.

Nikufanyie hesabu moja ya mezani. Mini 2 ikiwekwa kwenye S, ile hali ya mbio, inakwenda hadi mita 16 kwa sekunde hewa ikiwa imetulia. Imefika mita 600 kutoka kwako, upepo wa mbisho unaipiga kwa mita 10. Kumi na sita kutoa kumi, zimebaki sita. Itachukua sekunde 100 kufika. Hilo linavumilika. Vumo likipanda hadi 15 imebaki na mita moja kwa sekunde, na mita 600 zako zimekuwa dakika kumi za betri inayonyonywa kwa nguvu zote. Zile dakika 31 zilizoandikwa kwenye boksi zilipimwa pasipo upepo. Na nguvu ya upepo haiongezeki kistaarabu: kasi ikizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Kitu chenyewe kina gramu 249, wadogo zangu. Robo kilo ya sukari.

Simu yako ikiishiwa bando, macho hayaishiwi. Tazama kanga kwenye kamba ya nguo. Ikipepea na kujinyoosha, upepo ni wa kati na droni itafanya kazi. Vumbi na makaratasi yakianza kunyanyuka, tayari uko kwenye mita 6 au 7, fikiri mara mbili. Miti midogo ikiyumba mwili mzima, uko kwenye daraja lile la tano. Na mwavuli ukianza kukusumbua mkononi, umeshapita 10.7, hakuna mjadala. Baharini tazama povu: jeupe moja moja huku na kule ni onyo, bahari yote ikiwa imechanua povu funga boksi. Na vyombo. Nahodha anayekaa nchi kavu siku ya kazi anakupa utabiri bure.

Ila yote hayo yatazame mahali palipo wazi. Ukisimama nyuma ya ukuta wa hoteli unajidanganya kama nilivyojidanganya mimi. Tena nyuma ya jengo kuna ubaya wake wa pili, kwamba upepo ukishapita juu ya paa hujiviringisha upande wa demani, mara unashuka, mara unapanda, na droni iliyokaribia ukuta inaweza kusukumwa chini bila wewe kugusa kijiti.

Haya, umeridhika, unarusha. Kabla ya hapo kagua mapanga kwa ncha ya kidole. Panga lenye mkato mdogo ukingoni siku ya shwari utalisamehe, siku ya upepo litakuumbua. Subiri GPS ishike na nukta ya nyumbani iandikwe. Kisha ingia kwenye mipangilio utazame urefu wa kurudi nyumbani. Mimi uliniua huo. Weka unaotosha kupita kilicho kirefu kuliko vyote pale ulipo, na mita chache za ziada, basi. Kwenye ufukwe wa minazi, mita 35 au 40 zinatosha. Mita 100 kwa ajili ya mnara ambao hauko njiani ni kuipeleka droni kwenye upepo mkali zaidi kwa gharama yako.

Droni ikishanyanyuka usikimbilie picha. Iache mita tatu juu, achia vijiti, itazame. Ikikaa wima, vizuri. Ikikaa imeinama kama mtu anayesukuma mlango, huo ndio upepo unauona kwa macho. Panda hadi 15, tazama tena. Panda hadi 30. Halafu iruhusu iende na upepo hatua chache tu, mita 30 hivi, ukiwa bado juu ya nchi kavu, na uivute irudi. Inavyorudi hapo ndivyo itakavyorudi kutoka mbali, na mbali itakuwa mbaya zaidi. Ikisuasua, ishushe, kunja, kamwambie mteja.

Ikirudi vizuri, anza kazi upande wa joshi, kule upepo unakotoka. Yaani safari ya kwenda iwe ya kubisha na safari ya kurudi iwe ya kusukumwa. Manahodha wetu wanalijua hili kabla hawajaota ndevu, sisi wenye rimoti tunafanya kinyume kwa sababu kwenda na upepo ni raha, picha inateleza. Kama upande wa joshi kuna wageni wamekaa, usipite juu ya vichwa vyao. Zunguka, au uiache hiyo picha. Na betri usiihesabu kwa mazoea. Siku ya shwari nageuza ikifika asilimia 30. Siku ya upepo nageuza kwenye 50, hata kama bwana harusi ndiyo kwanza anacheka vizuri.

Sasa, pamoja na yote hayo, siku moja itakukamata. Utaona namba ya umbali inapanda wakati unaivuta. Usifanye nilichofanya. Kama kitufe cha kurudi nyumbani kimeshaipandisha, kifute, chukua vijiti mwenyewe. Weka S. Ishushe, juu ya maji teremka hadi mita 10 au 15, chini ya hapo usiende kwa sababu mawimbi yanavichanganya vile vihisi vya tumboni. Huko chini upepo ni mdogo kuliko juu, na mara nyingi ndiko utakakoona namba imesimama, halafu imeanza kushuka. Kumbuka kwenye S zile droni zenye vihisi vya kukwepa vitu huwa hazikwepi tena, kwa hiyo mlingoti wa jahazi uuone wewe. Isipokuja moja kwa moja, usishindane nayo. Ielekeze kwa mshazari kwenye nchi kavu yoyote iliyo karibu, hata kama ni ufukwe wa jirani. Utaifuata kwa bodaboda.

Betri ikifika mwisho kabisa itaanza kushuka yenyewe popote ilipo. Hata hapo hujanyang'anywa yote. Kijiti cha kushoto ukikisukuma juu unaichelewesha, na cha kulia bado kinaipeleka mbele. Kuna watu wamepata mita zao za mwisho hivyo.

Kutua ni kugumu kuliko kuruka, watu hawasemi. Vumo moja likija wakati miguu inagusa, inapinduka na mapanga yanalima mchanga, na mchanga ukiingia kwenye kichwa cha kamera fundi atakusalimia kwa jina. Tandaza mkeka, weka mawe pembe nne. Ikigusa tu, vuta kijiti cha kushoto chini ukishikilie mpaka mapanga yasimame. Kuidaka kwa mkono nimekuona unavyoifanya kwenye video yako, kijana, na shati lako la mikono mipana linapepea hapo hapo. Acha.

Tumefika penye ugumu wenyewe, kwa sababu upepo haujawahi kumlazimisha mtu kurusha. Anayelazimisha ni mteja. Mama wa bi harusi amekuja na dera lake jipya, wapambe wamejipanga, mtu amelipia "na droni", na wote wanakutazama. Siku ile ya kwangu simu ilikuwa imeniambia asubuhi kwamba jioni kuna noti 20. Niliiona. Nikajiambia mbona hapa ufukweni pametulia. Nilikuwa naogopa kuonekana mchanga wa kazi.

Kwa hiyo limalize kabla ya siku yenyewe. Kwenye makubaliano andika sentensi moja: picha za angani ni hali ya hewa ikiruhusu, zisipopigwa kiasi fulani kinakatwa. Kikate kweli, kisiwe kikubwa cha kukufanya uruke kwa njaa. Halafu wape njia nyingine: asubuhi na mapema ya siku ile ile au ya kesho yake, upepo mara nyingi huwa umelala. Wewe nenda saa kumi na mbili na nusu, upige ufukwe, mji, majukwaa yaliyopambwa yakiwa matupu, uje uyachanganye na picha za chini. Nimewapa wateja wengi filamu za namna hiyo na hakuna aliyewahi kuniuliza picha za juu zilipigwa saa ngapi. Na siku ya kukataa, kataa mapema, tena kwa sauti ya kawaida. "Mama, leo hairuki, upepo mkubwa." Usianze kueleza Beaufort. Mwonyeshe ngalawa.

Vibali sirefushi: Tanzania ni TCAA, Kenya ni KCAA, na Zanzibar waulize na wenyeji wa mahali kabla hujafika na rimoti. Droni kuwa ndogo hakukuondolei hilo.

Umeuliza pia kuhusu yale maboya ya sponji ya kufunga miguuni ili ikianguka baharini ielee. Usinunue kwa ajili ya siku ya upepo. Yanaongeza uzito juu ya kitu kilichotengenezwa kibaki chini ya gramu 250, kwa kuwa nchi kadhaa, Marekani ikiwemo, zimechora mstari wao hapo. Na yanaupa upepo kitu kikubwa zaidi cha kushika. Fedha hiyo nunua betri ya pili na seti ya mapanga.

Na chukua kalamu ya wino usiofutika uandike namba yako ya simu tumboni mwa droni, leo, kabla hujalala. Yangu sikuiandika. Wavuvi hupita kule Changuu kila alfajiri, na mpaka leo nikiona namba nisiyoijua inapiga kutoka Unguja, napokea haraka.